Giza Lisilo na Hekalu: Ibada za Miungu ya Uovu katika Michezo ya Fantasia na Funzo la Usukuma

Mada na mipaka yake

Mhadhara huu unachunguza nafasi ya makundi ya ibada ya miungu ya giza katika ulimwengu wa michezo ya fantasia, na unaipima nafasi hiyo kwa mizani ya mila, historia na misiba ya Usukuma, hususan eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake yakiwa Bariadi. Neno fantasia linatumika hapa kwa maana ya ubunifu unaojenga ulimwengu wenye kanuni zake wenyewe, ambamo uchawi, mazimwi na miungu ni mambo ya kila siku. Mchezo unaokusudiwa ni ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akaamua mhusika huyo atende nini, na matokeo ya uamuzi wake yakapimwa kwa dadu au kwa programu ya kompyuta. Mungu wa giza ni nguvu iliyobuniwa kuwa chimbuko la uovu katika ulimwengu huo, na kundi la ibada yake ni watu wanaomtumikia kwa siri, wakiwa na viapo, alama, ngazi za uongozi na kafara.

Mada hii yaweza kuonekana iko mbali na nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Ukaribu wake unatokana na swali ambalo kila mchezo wa aina hiyo humwuliza mchezaji wake: uovu unakaa wapi, na mtu anayeutafuta ana haki ya kufanya nini anapodhani ameuona? Usukuma umewahi kulijibu swali hilo kwa panga, usiku, kwenye milango ya vikongwe wasio na mtetezi, na kwa sababu hiyo mtu wa Bariadi ana neno zito la kuwaambia watunzi wa michezo kote duniani. Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba kundi la giza huufanya mchezo uwe rahisi kuchezeka kwa kuupa uovu sura, jina na hekalu, ilhali katika maisha halisi uovu hauna hekalu, bali una sababu, una soko, na mara nyingi hujificha ndani ya mkono ule ule unaodai kuupiga vita.

Kazi za kundi la giza katika mchezo

Kazi ya kwanza ya kundi la giza ni kueleza chanzo cha hatari. Michezo hii ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na katika siku za mwanzo ilitosha mchezaji ashuke pangoni, aue zimwi na kuondoka na hazina, bila kulazimika kujua zimwi lile lilifikaje pale. Ibada ya siri ilileta sababu na mpangilio. Katika The Village of Hommlet, kisa alichokichapisha Gygax mwaka 1979, kijiji kinachoonekana kutulia kimepakana na magofu ya hekalu la uovu lililovunjwa miaka kadhaa nyuma, na miongoni mwa wakazi wake wamo wafanyabiashara ambao kwa siri ni wapelelezi wa hekalu hilo. Mwendelezo wa kisa hicho, The Temple of Elemental Evil, ulitoka mwaka 1985. Kwa utaratibu huo ujambazi wa barabarani, kupotea kwa wasafiri na mazimwi ya msituni huacha kuwa matukio yaliyotawanyika, yakawa matawi ya shina moja ambalo mchezaji anaweza kulifuata hadi mzizini.

Kazi ya pili ni kuuwasha moto wa hadithi. Mwaka 2006 mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls IV: Oblivion ulianza kwa mauaji ya mfalme mkuu, yaliyofanywa na wafuasi wa Mehrunes Dagon, bwana wa maangamizi, na saa zote ambazo mchezaji hutumia baadaye katika kisa kikuu ni kufuata nyayo za kundi hilo. Kazi ya tatu, iliyo nzito kuliko zote ingawa huzungumzwa kwa uchache, ni kumwondolea mchezaji lawama. Aliyejitolea kwa hiari kumtumikia mungu wa maangamizi huhesabiwa amejitoa katika ubinadamu, na kwa hiyo kumwua hakudai ushahidi, hakudai hukumu wala hakuachi matanga. Joho jeusi lenye nembo ya mungu wa giza ndilo ushahidi, ndilo hukumu, na ndilo sanda.

Ipo kazi ya nne ambayo watunzi wachache wameipa uzito unaostahili, nayo ni kueleza kwa nini binadamu mwenye akili timamu ajiunge na kundi la namna hiyo. Katika ulimwengu uitwao Glorantha, uliobuniwa na Greg Stafford na kutumika katika mchezo wa RuneQuest tangu 1978, kitabu cha Cults of Prax cha mwaka 1979 kiliieleza kila ibada kwa historia yake, ngazi zake, wajibu wa wafuasi wake na faida wanazozipata. Mwaka 1981 kitabu cha Cults of Terror kikaugeukia upande wa kutisha, zikiwemo ibada za maradhi, ambazo watu wa kawaida huzipelekea sadaka ili waepushwe na ugonjwa. Katika ulimwengu wa Warhammer, ulioanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1983, mungu wa tauni aitwaye Nurgle huwapata wafuasi kwa njia hiyo hiyo: mgonjwa aliyekata tamaa humlilia yeye anayeaminika kuumiliki ugonjwa. Hapa giza linapata maana, kwa kuwa msomaji anamwona binadamu mwenye hofu kabla ya kumwona adui.

Picha ya kundi la giza ilitoka wapi

Picha ya watu wanaokutana usiku kumwabudu mungu mwovu, kuua watoto na kuapa viapo vya damu haikuzuliwa na watunzi wa michezo, bali waliirithi kutoka katika mashtaka. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 mahakama za Ulaya, za dini na za serikali, ziliwahukumu watu kwa kosa la kumtumikia Shetani katika mikutano ya siri, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliouawa ni kati ya 40,000 na 60,000, walio wengi wakiwa wanawake. Ushahidi wa mikutano hiyo ulipatikana kwa mateso, na kila aliyeteswa alilazimishwa kuwataja wenzake, hivyo kundi ambalo halikuwapo likaendelea kukua ndani ya makabrasha ya mahakama.

Mwaka 1921 mtaalamu Mwingereza Margaret Murray alichapisha kitabu kilichodai kwamba washtakiwa wale walikuwa kweli waumini wa dini ya kale iliyofichwa. Watafiti waliofuata wameikataa hoja hiyo, lakini iliwahi kumfikia mwandishi Mmarekani H. P. Lovecraft, ambaye katika hadithi yake ya mwaka 1928, "The Call of Cthulhu", anakitaja kitabu cha Murray, na ambaye alivijaza vinamasi vya Louisiana wafuasi wa mungu wake wa kutisha, mabaharia na watu wa damu mchanganyiko, wakiwemo wenye asili ya visiwa vya Afrika, akiwaeleza kwa dharau iliyo wazi. Gygax naye, katika mwongozo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1979, alimworodhesha Lovecraft miongoni mwa waandishi waliomwathiri, na mwaka 1981 hadithi zenyewe zikageuzwa kuwa mchezo uitwao Call of Cthulhu. Msomaji wa Kiafrika anapaswa kuijua nasaba hii, kwa maana kundi la giza linalokutana naye kwenye skrini limebeba kovu la vikongwe wa Ulaya waliochomwa moto na dharau ya mtu aliyemwogopa Mwafrika.

Historia ililirudisha shtaka hilo kwa wachezaji wenyewe. Katika miaka ya 1980 hofu kubwa ilienea Marekani kwamba kulikuwa na makundi ya siri ya kumwabudu Shetani, na Dungeons & Dragons ukatajwa kuwa mlango wa kuingilia makundi hayo. Katika kesi iliyotikisa jimbo la California, tuhuma zilizotolewa mwaka 1983 dhidi ya walezi wa shule ya awali ziliendeshwa hadi 1990 bila mtu yeyote kupatikana na hatia. Wachapishaji wa mchezo, katika toleo jipya la mwaka 1989, waliyaondoa majina ya mashetani ili kupunguza lawama. Vijana waliokuwa wakiwawinda watumishi wa giza mezani, kwa dadu na penseli, waligeuka kuwa wawindwaji.

Mahali pa uovu katika fikra za Wasukuma

Anayetafuta mungu wa giza katika mila za Wasukuma hatampata. Mungu mkuu, ambaye mojawapo ya majina yake ni Liwelelo, ni muumba aliye mbali na ugomvi wa kila siku, wala hana mpinzani anayelingana naye anayetawala nusu ya pili ya ulimwengu. Walio karibu na mwanadamu ni masamva, yaani mizimu ya wazee waliotangulia, ambao wana haki ya kukumbukwa na kupewa sadaka, na ambao wakisahauliwa huweza kumsumbua mjukuu wao kwa ugonjwa au utasa. Usumbufu huo ni madai ya ndugu kwa ndugu, na dawa yake ni kurudisha uhusiano uliokatika. Mtu wa kulitambua dai hilo ni nfumu, yaani mganga mwenye kupiga ramli, ambaye miongoni mwa njia zake ni kumpasua kuku na kuzisoma alama za ndani ya mwili wake.

Uovu mkubwa katika fikra hizo huitwa bulogi, yaani uchawi, na mwenye kuutenda ni nogi, kwa wingi balogi. Tofauti ya nogi na mfuasi wa hekalu la giza ni kubwa. Mfuasi wa giza hutoka nje ya kijiji, huvaa vazi lake na kulitaja jina la mungu wake, ilhali nogi anaaminika kuwa jirani, mke mwenza, shangazi au mama mkwe, anayekula chungu kimoja na yule anayemdhuru, akisukumwa na wivu. Methali ya Kiswahili isemayo kikulacho ki nguoni mwako inaieleza imani hiyo barabara. Fikra ya namna hii ina busara ndani yake, kwa kuwa inakiri kwamba uovu huzaliwa katika uhusiano wa watu wanaojuana. Lakini ina hatari ndani yake vilevile, kwa kuwa inamfanya kila aliye karibu awe mshukiwa.

Hata hivyo masimulizi ya Wasukuma yana pia uovu ulio na mwili mmoja mkubwa, nao ni zimwi Shing'weng'we. Katika masimulizi mengi zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yote ya nchi, akasalimika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi, naye akamzaa Masala Kulangwa, ambaye jina lake limebeba neno masala, yaani akili. Kijana alipokua akauliza baba yake yuko wapi, akaelezwa habari za zimwi, akaanza kuliwinda. Aliua panzi akampelekea mama yake na kumwuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, mama akasema siye. Akaua ndege, akaua wanyama wakubwa zaidi, na kila mara aliuliza, na kila mara jibu lilikuwa siye, mpaka siku alipolikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka wakiwa hai. Shujaa huyu haamini jicho lake peke yake: huuliza, hukubali kusahihishwa, na hulijua lengo lake kuwa ni kuwatoa waliomezwa.

Siri isiyo giza

Mtunzi wa kigeni akipewa orodha ya vyama vya jadi vya Usukuma angeweza kuigeuza yote kuwa makundi ya giza, kwa sababu vyama hivyo vina kila alama ya nje ya kundi la namna hiyo: kuna kufundwa, kuna dawa, kuna maneno ya ndani yasiyojulikana na wengine, na baadhi ya sherehe hufanyika usiku. Buyeye ni chama cha wacheza na nyoka, ambao pamoja na kuwaburudisha watu kwa chatu wanajua dawa za kutibu walioumwa, elimu ambayo katika nchi ya mashamba ya mtama na pamba ni suala la uhai. Bununguli ni chama cha wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mazao na kujificha katika mashimo ya chini ya ardhi, na ngoma zake zinatokana na kazi hiyo ya hatari. Buswezi ni chama cha waliopandwa na mizimu, kilicho na uhusiano na ibada za kubandwa, yaani kupandwa na mizimu, za nchi za Maziwa Makuu na jina la Lyangombe, mwindaji wa masimulizi aliyeuawa na nyati. Wanachama wake hufundwa kwa siri, na walio nje wamezoea kuwaogopa. Hans Cory, mtaalamu aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha makala kuhusu Buswezi mwaka 1955, na habari zinazojulikana kuhusu chama hicho zinaonyesha jamii inayowapa wagonjwa na wenye misiba familia ya pili.

Ndani ya vyama hivyo siri ina kazi tatu zinazoeleweka: inalinda elimu isichukuliwe ovyo na asiyejua madhara yake, inawafunga wanachama kwa uaminifu, na inaipa sherehe uzito. Siri ya namna hii inafanana na ya fundi anayemrithisha mwanafunzi wake ufundi kidogo kidogo, na kuihesabu kuwa dalili ya uovu ni kosa lile lile walilolifanya mahakimu wa Ulaya.

Mfano wenye manufaa zaidi kwa mtunzi wa mchezo ni ule wa Bugika na Bugalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo waasisi wake, Ngika na Gumha, wanakumbukwa kuwa mahasimu wa karne ya 19. Baada ya mavuno pande hizi mbili hushindana kwa nyimbo, mbwembwe na dawa za mvuto ziitwazo samba, chini ya uongozi wa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na mshindi ni yule anayeuvuta umati. Kituo cha Bujora karibu na Mwanza, kilichojengwa na padri kutoka Kanada aitwaye David Clement kuanzia miaka ya 1950, kinahifadhi kumbukumbu za vyama hivi, na sikukuu ya Bulabo inaendelea kuvikutanisha. Katika utaratibu huu jamii nzima imegawanyika pande mbili zenye uhasama wa kweli, wenye siri na wenye dawa, na hakuna upande ulio wa giza. Ulimwengu wa mchezo ukijengwa juu ya msingi kama huo utakuwa na mvutano tele bila kuhitaji mungu wa maangamizi.

Gharama ya kuupa uovu sura

Kinachofuata ndicho kiini cha funzo la Usukuma. Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo ndiyo iliyozaa Simiyu. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, hasa vikongwe na wajane, na alama mojawapo iliyowaponza ilikuwa macho mekundu. Kama joho jeusi lilivyo hukumu katika mchezo, jicho jekundu lilikuwa hukumu kijijini.

Jicho hilo lilikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, kupitia kazi iliyoongozwa Shinyanga na C. F. M. Swynnerton, ilifyeka vichaka na misitu kwa maeneo makubwa ili kumwangamiza mbung'o, anayeeneza nagana kwa ng'ombe, na wananchi kwa maelfu walishirikishwa katika ufyekaji huo. Kilimo cha pamba na kuongezeka kwa mifugo viliendeleza upungufu wa miti, hata kuni zikawa adimu, na mwanamke akapikia mabua na samadi kavu, miaka nenda miaka rudi, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi wa samadi uliyageuza macho yake kuwa mekundu. Kisha katika miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwakusanya watu waliozoea kuishi katika maboma yaliyo mbalimbali, kila kaya na mashamba yake, ikawaweka kwa safu pamoja na majirani ambao hawakuwachagua, na watafiti wameihusisha hali hiyo na kuongezeka kwa shutuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 na kuufufua utaratibu wa jadi wa ngitili, yaani malisho na miti iliyotengwa ipumzike, ulihesabiwa kuwa kazi ya misitu. Lakini kwa mtazamo wa mhadhara huu kila mti uliorudi ulikuwa pia kinga kwa macho ya kikongwe.

Dola nayo ilipoingia kuwasaka wauaji ilianguka katika mtego ule ule. Mwaka 1976 operesheni ya vyombo vya usalama katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliwakamata watu wengi, na baadhi yao waliteswa hadi kufa wakiwa mikononi mwa waliopaswa kuwalinda. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika, na kitendo hicho kingali kinatajwa kuwa kielelezo cha uwajibikaji katika historia ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu, ulinzi wa jadi uliozuka Usukuma na Unyamwezi, ulirudisha ng'ombe walioibwa na usalama uliokosekana, lakini katika baadhi ya maeneo ukageukia kuwasaka wanaodhaniwa kuwa wachawi. Mwindaji wa giza, awe mwananchi au askari, akikosa kuuliza kama Masala Kulangwa alivyouliza, hulitenda lile analoliwinda.

Katika karne hii lilizuka jambo linalofanana na kundi la giza kuliko yote yaliyotajwa, yaani mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoutikisa ukanda wa Ziwa Victoria kuanzia takriban mwaka 2007. Hapo kuna usiri, kuna kafara ya binadamu na kuna ahadi ya nguvu. Lakini anayelichunguza kundi hilo hakuti mungu wala sala, anakuta mnyororo wa biashara: anayetaka utajiri au cheo, mpiga ramli anayemwambia kiungo cha binadamu kitampatia, na muuaji anayelipwa. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba pigo linapaswa kuelekezwa kwa mshawishi na mnunuzi pia, mbali na aliyeshika panga.

Kanuni kwa mtunzi wa ulimwengu

Mtunzi anayetaka kuujenga ulimwengu wa mchezo kwenye kingo za Mto Simiyu, kati ya mashamba ya Bariadi na nyika za Meatu zinazopakana na mapori ya hifadhi, anaweza kuzitoa kanuni nne katika historia hii. Ya kwanza ni kwamba giza lipewe sababu kabla ya kupewa jina: mvua ikikosekana, ng'ombe wakifa na kuni zikiisha, kiwango cha hofu kijijini kipande, na hofu hiyo, kwa kanuni za mchezo zenyewe, imtafute mtu dhaifu wa kubebeshwa lawama, hivyo mchezaji anayechimba kisima au kuirudisha ngitili awe ameokoa maisha kwa uhakika ule ule wa anayeua zimwi.

Kanuni ya pili ni kwamba siri isihesabiwe kuwa uovu. Chama cha wenye nyoka kiwe na viapo na mlango uliofungwa, mchezaji akiogope kwa muda, kisha siku atakapoumwa na fira agundue kwamba nyuma ya mlango ule ndiko yaliko maisha yake. Kanuni ya tatu ni kwamba shutuma iwe tendo lenye gharama: mchezaji anayemtaja mtu kuwa mtumishi wa giza abebe matokeo ya neno lake, na akikosea, kosa hilo libaki katika ulimwengu wa mchezo, katika nyumba isiyo na moshi tena na watoto wasio na bibi. Kanuni ya nne ni kwamba kundi la giza, pale ambapo kisa kinalihitaji kweli, lijengwe kwa mfano wa soko, likiwa na mnunuzi mwenye heshima mjini, mshauri mwenye maneno matamu na mtendaji mwenye njaa, ili mchezaji aelewe kwamba kumwua mtendaji peke yake hakujazima mahitaji.

Kanuni hizi haziupunguzii mchezo msisimko. Isolo, mchezo wa Wasukuma wa jamii ya bao, umewakeshesha watu kwa vizazi kwa kete zisizo na rangi ya upande wowote, ambazo leo ni za huyu na punde zikawa za yule, na uzito wote wa mchezo umo katika kuhesabu matokeo ya kila mkono unaopandwa. Ulimwengu wa fantasia unaojengwa kwa akili ya namna hiyo utamtaka mchezaji afikiri zaidi kuliko ule unaomwonyesha adui kwa joho.

Sikio la bibi kizee

Masimulizi ya Masala Kulangwa yana sehemu ya mwisho ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo hitimisho linaloufaa mhadhara huu. Kijana alipokuwa akilipasua tumbo la Shing'weng'we, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani pamoja na wengine. Bibi yule alitoka akiwa ameokoka na huku amejeruhiwa, akakasirika, na kwa hasira akataka kumroga aliyemwokoa. Yote ambayo mchezo wa kawaida huyadai ili kuhalalisha upanga yalikuwa yametimia: kikongwe, hasira, na nia ya uchawi iliyo wazi, mbele ya shujaa mwenye silaha mkononi na umati unaomshangilia.

Masala Kulangwa hakuutumia upanga. Alikubali kwamba jeraha lile lilitoka mkononi mwake, akatafuta dawa kwa msaada wa rafiki zake, na sikio la bibi likapona. Ndipo watu wakamfanya kuwa mtemi wao. Wasukuma waliosimulia kisa hiki kwa vizazi waliiweka kazi ya kuponya baada ya kazi ya kuua zimwi, na wakakiweka kiti cha utemi baada ya uponyaji. Watunzi wa michezo walio Bariadi, Maswa au kokote kule wanaoujenga ulimwengu wenye giza wana deni kwa vikongwe wote waliouawa kwa ajili ya macho yao, na deni hilo hulipwa kwa kumpa mchezaji, pale anaposimama mbele ya bibi mwenye hasira, nafasi ya kuuliza nani aliyemkata sikio.